Kinyama cha Jicho, Jua la Pwani na Wajibu wa Chama Chetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Msambweni)



Natoa shukrani nyingi kwa Halmashauri ya chama kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi baada ya kusomwa hesabu za mwaka. Neno nililoombwa kulieleza ni juu ya kinyama kinachoota juu ya jicho: kimeenea kiasi gani, huwapata watu wa namna gani, na huletwa na nini. Kwa sura yake ni neno dogo, maana kinyama chenyewe chaweza kukaa miaka mingi bila kuzidi ukubwa wa punje ya mchele. Lakini limefungamana na kazi zetu za kila siku, na nyuma yake imejificha hatari moja ambayo isipotambuliwa mapema humpotezea mtu jicho, na pengine uhai wake. Kwa hiyo naomba mnivumilie kidogo.

Kwanza yafaa tukijue kitu chenyewe, ili tusikichanganye na kingine. Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba sana, laini, wenye mishipa midogo ya damu. Mbele ya mboni pana kioo cha jicho, nacho ni safi, hakina mshipa hata mmoja, ndiyo maana mwanga hupita. Kinyama hiki huanza pale utando ulipokutana na kioo, mara nyingi upande wa puani. Utando hunenepa, huwa mwekundu, kisha hutambaa polepole juu ya kioo kwa umbo la pembetatu, kitako chake kikiwa puani na ncha yake ikielekea katikati ya jicho. Waganga hukiita terijiamu, jina lililotoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya bawa, kwa kuwa chafanana na bawa dogo la mdudu.

Hiki sicho mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu ulio ndani, katika lenzi iliyo nyuma ya mboni, wala hauwezi kuguswa kwa kidole. Wala si vikope, ambavyo ni ugonjwa wa kuambukizana unaokwaruza upande wa ndani wa kope. Tena kuna kinundu kidogo cha rangi ya manjano ambacho wengi wetu tunacho kando ya mboni. Hicho hukaa juu ya weupe wala hakivuki kuingia kwenye kioo, na kwa kawaida hakina madhara. Kinyama kinachovuka mpaka na kupanda juu ya kioo ndicho tunachokizungumza leo.

Sasa, kimeenea kiasi gani? Wazee wangu, hapa hatuhitaji kwenda mbali. Watazameni wavuvi wa makamo wanaposhuka kutoka ngalawani pale Gazi, Msambweni, Shimoni au Vanga, watazameni waliofanya kazi miaka mingi juu ya mchanga wa Diani, hamtakosa kukiona. Na elimu ya dunia inaunga mkono macho yenu. Mwaka 1965 mtaalamu mmoja aitwaye Cameron alitoa kitabu juu ya ugonjwa huu katika dunia nzima, akaonyesha kwamba umejaa zaidi katika ukanda ulio karibu na ikweta, ukianzia kama digrii 37 kaskazini hadi digrii 37 kusini, na kwamba kadiri mtu anavyokaribia ikweta ndivyo unavyozidi kuonekana. Msambweni iko kama digrii nne na nusu tu kusini mwa ikweta. Basi sisi hatukai pembeni mwa ukanda huo. Tumo katikati yake.

Baada ya Cameron watu wengine wamehesabu kwa uangalifu zaidi. Mwaka 2013 yalitangazwa majumlisho ya tafiti 20 kutoka nchi mbalimbali, zilizohusu watu zaidi ya laki tisa, na ikaonekana kwamba watu kama 10 katika kila 100 walikuwa nacho. Majumlisho mengine ya mwaka 2018, kutoka nchi 24, yalipata 12 katika kila 100. Hayo yalionyesha pia jinsi umri unavyohusika: katika vijana wa miaka 10 hadi 20 walikuwa 3 katika kila 100, na katika wazee waliopita miaka 80 walikaribia 20. Hizo ni hesabu za dunia nzima, pamoja na nchi za baridi.

Lakini mfano ulio karibu zaidi nasi ni ule wa kisiwa cha Barbados, katika bahari ya Karibi. Hicho ni kisiwa cha jua kali, chenye fukwe nyeupe na wavuvi na mashamba ya miwa, na wengi wa wakazi wake ni watu wa asili ya Kiafrika. Waganga walipowapima watu wenye umri wa miaka 40 hadi 84, waliona kinyama hiki kwa watu wa asili ya Kiafrika 23 katika kila 100, yaani karibu mmoja katika kila wanne. Wazungu wa kisiwa hichohicho walikuwa 10 katika kila 100. Basi asifikiri mtu kwamba weusi wa ngozi humlinda macho yake. Ngozi yetu hutukinga na madhara mengi ya jua, lakini jicho la mtu mweusi liko wazi mbele ya jua kama jicho la mtu mwingine.

Nageukia sababu. Ya kwanza, iliyo kubwa kuliko zote, ni jua. Wala si joto lake, bali ile mionzi isiyoonekana iitwayo urujuanimno. Huko Marekani, katika ghuba ya Chesapeake, wataalamu waliwachunguza wavuvi 838, wakapiga hesabu ya mionzi ambayo kila mmoja aliipata katika maisha yake ya kazi. Taarifa yao ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba aliyepata mionzi mingi zaidi ndiye aliyeelekea zaidi kuota kinyama. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa mvuvi wa nchi yenye majira ya baridi, je, mvuvi wetu ambaye jua humpiga wima miezi yote ya kaskazi na ya kusi?

Tena mionzi hiyo haitoki juu peke yake. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba mchanga mkavu wa pwani hurudisha juu kama sehemu 15 katika kila 100 za mionzi inayoufikia, na povu la bahari hurudisha kama 25. Majani hurudisha chini ya 10. Kwa hiyo mtu aliyesimama juu ya mchanga mweupe wa Diani au aliye kati ya mawimbi ya mwamba hupigwa na jua mara mbili, kutoka juu na kutoka chini, wala kivuli cha mnazi peke yake hakimtoshi. Hata wingu jepesi si pazia. Sehemu kubwa ya mionzi hiyo hupenya. Ndiyo maana mtu husema, leo hakuna jua, na jioni macho yakawa mekundu.

Wengi huuliza kwa nini kinyama huota zaidi upande wa puani. Jambo hili lilielezwa na mganga wa macho wa Australia, Minas Coroneo. Alionyesha kwamba mwanga unaoingia kwa ubavu, kutoka upande wa sikio, hupindwa na kioo cha jicho chenye umbo la mviringo, ukakusanywa pale ng'ambo, upande wa pua, kama vile mtoto akusanyavyo jua kwa kioo cha kukuza mpaka karatasi ikaungua. Mwanga huo waweza kuongezeka nguvu hadi mara 20 mahali hapo padogo. Na pale ndipo ilipo mizizi inayokifanya kioo kiwe safi siku zote. Ikiungua kila siku kwa miaka, ule mpaka hubomoka na utando huvuka. Nawaomba mlishike jambo hili, maana nitalirudia tutakaposema juu ya kofia na miwani.

Sababu ya pili ni kazi. Anayefanya kazi nje hukipata zaidi kuliko anayekaa ndani, na wa shamba hukipata zaidi kuliko wa mji. Hapa Kwale kazi zetu nyingi ni za nje. Mvuvi yuko baharini. Mgema yuko juu ya mnazi, uso wake ukielekea mbinguni. Mkulima wa korosho na muhogo, mkata miwa wa Ramisi, mchunga ng'ombe wa Kinango, mchonga mawe ya matumbawe ambaye hupata jua na vumbi jeupe kwa pamoja, kijana wa bodaboda anayepokea upepo na mchanga usoni tangu Ukunda hadi Lunga Lunga, na yule anayetembeza vinyago kwa watalii ufukweni tangu asubuhi hadi jioni: wote hawa wamo katika safu ya mbele. Katika hesabu nyingi za dunia wanaume huwazidi wanawake kidogo, na inaelekea sababu ni kazi za nje. Lakini mama anayeinama mwambani bahari ikipwa, akitafuta pweza na kome huku maji yakimmulika kutoka chini, yumo katika hatari ileile.

Sababu ya tatu ni umri, kama nilivyokwisha kusema, kwa kuwa mionzi hujumlika mwaka baada ya mwaka. Lakini hapa pana fundisho juu ya watoto. Kinyama kinachoonekana mtu akiwa na miaka 45 kilianza kuandaliwa alipokuwa mtoto akicheza ufukweni bila kofia. Sababu ya nne ni vumbi, upepo na ukavu wa macho, ambavyo huliudhi jicho na kulifanya liwe jekundu daima. Na ya tano ni ukoo: katika nyumba nyingine baba, mwana na mjukuu hukipata, hivyo mwenye mzazi mwenye kinyama na ajihadhari zaidi.

Sasa mtu aweza kusema: babu yangu alikuwa nacho miaka thelathini na hakikumdhuru, kwa nini tusumbuke? Jibu lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni hii. Ni kweli kwamba wengi huishi nacho salama, jicho likiwasha kidogo na kutoa machozi. Lakini kwa wengine huendelea kutambaa. Kinapotambaa hukivuta kioo cha jicho hata kikapoteza umbo lake, na mtu huona vitu vimepinda au vina kivuli. Kikifika mbele ya mboni, mlango wa mwanga umezibwa. Mvuvi asiyeweza tena kuona wimbi linalokuja, au fundi asiyeweza kutia uzi katika tundu la sindano, amepoteza riziki yake, na nyumba nzima inaumia pamoja naye.

Sehemu ya pili ni nzito zaidi, na kwa ajili yake hasa nimesimama hapa. Si kila kinyama kilicho juu ya jicho ni terijiamu. Iko saratani inayoota mahali palepale, pale utando unapokutana na kioo, na mwanzoni yaweza kufanana na kinyama cha kawaida kama pacha na pacha. Hii nayo huchochewa na jua. Na katika Afrika ya Mashariki imepata msaidizi mwingine, nacho ni virusi vya Ukimwi, ambavyo hudhoofisha askari wa mwili. Mjini Kampala, kati ya miaka ya 1970 na 1988, wagonjwa wa saratani hii walikuwa kama 6 kwa mwaka katika kila watu milioni. Mwaka 1992 walikuwa wamefika 35. Katika nchi za mbali ugonjwa huu ni wa wazee. Kwetu huwapata watu wa miaka thelathini na arobaini, mama na baba wenye watoto wadogo.

Zipo dalili za kumtia mtu shaka. Kinyama cha kawaida hukua kwa miaka. Kikikua kwa wiki au miezi, hiyo si desturi yake. Kikitokea kwa kijana. Kikiwa na sura kama ya ute ulioganda, au kikiwa na gamba jeupe juu yake, au madoa meusi ambayo hayakuwapo. Kikiwa na mishipa minene inayokilisha, au kikivuja damu kikiguswa. Mwenye mojawapo ya dalili hizi na aende hospitali wiki hiyohiyo, asingoje mavuno wala asingoje sikukuu. Lakini nisiwadanganye: hata mganga mwenye uzoefu hawezi siku zote kutofautisha kwa macho matupu. Hukumu ya hakika hutolewa na maabara, kipande kilichokatwa kinapotazamwa kwa hadubini. Kwa hiyo mtu yeyote akikatwa kinyama jichoni, yeye au ndugu yake na aulize kwa adabu: je, kipande hiki kitapelekwa kupimwa?

Habari njema ni kwamba saratani hii ikikamatwa mapema hutibika. Tena sehemu ya elimu hiyo imetoka katika nchi yetu wenyewe. Dakta Stephen Gichuhi wa Kenya na wenzake walifanya uchunguzi katika vituo vinne vya macho hapa Kenya, wakautangaza mwaka 2016. Wagonjwa walipasuliwa, kisha nusu yao wakapewa matone ya dawa iitwayo fluorourasili kwa wiki nne, na nusu wakapewa matone yasiyo na dawa. Mwaka mmoja ulipopita, katika watu 47 waliotumia dawa, ugonjwa ulikuwa umewarudia 5. Katika wengine 47 uliwarudia 17. Na kwa yule aliye na virusi vya Ukimwi, dawa za kuvizuia hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali, na anayezitumia sawasawa huishi, hufanya kazi na hulea wanawe. Aliyechelewa ndiye ambaye ugonjwa huingia nyuma ya jicho, ikalazimu jicho zima liondolewe.

Basi kwa nini watu wanachelewa? Nataja sababu tatu, wala simlaumu mtu.

Wengine huanza na dawa za nyumbani. Hutia jichoni maji ya majani, maziwa ya mama, sukari iliyosagwa, au humwita mtu akwarue kinyama kwa kitu kikali. Wazee wetu walikuwa na hekima nyingi ya miti, nami naiheshimu; lakini kioo cha jicho ni chembamba, hakifiki unene wa milimita moja, na maji yasiyo safi yakikiingia hukitia kidonda ambacho hupona kwa kovu jeupe. Hapo mtu aliyekuwa na kinyama kinachovumilika hubaki na upofu.

Wengine hununua matone dukani bila kuandikiwa. Baadhi ya matone hayo yana dawa ya jamii ya steroidi, ambayo huondoa wekundu upesi, na mtu hufurahi. Lakini yakitumiwa kwa miezi bila kupimwa yaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho hata mshipa wa kuonea ukafa, tena yaweza kuleta mtoto wa jicho. Wekundu umekwenda, na jicho nalo limekwenda.

Na wengine hunyamaza kwa aibu. Wamesikia kwamba kinyama cha jicho chahusiana na Ukimwi, basi wanaogopa kuonekana njiani kuelekea hospitali. Juu ya hawa nasema kwa msisitizo: vinyama vingi ni vya jua tu, na hakuna awezaye kujua hali ya mtu kwa kumtazama jicho. Tuwakemee wanaonyosha vidole. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi aliyemfanya afiche ni jirani mwenye ulimi mrefu.

Juu ya upasuaji, yafaa mjue mambo mawili. La kwanza, si kila kinyama chahitaji kisu. Kilicho kidogo, kisichotambaa wala kutia shaka, hutazamwa tu, na mtu hupewa matone ya kulainisha jicho. La pili, namna ya kukata ina maana kubwa. Zamani kilikatwa na mahali pake pakaachwa wazi, na kwa wagonjwa wengi kilirudi, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, tena kikali kuliko cha kwanza. Siku hizi mpasuaji huchukua kipande kidogo cha utando mzuri kutoka chini ya kope ya juu ya jicho lilelile, akakipandikiza mahali palipokatwa kama mtu atiaye kiraka katika tanga. Njia hii hupunguza sana kurudi kwake. Kwa hiyo mgonjwa na aulize kama atapandikizwa. Nasi hatuko mbali na msaada: ipo Hospitali ya Rufaa hapa Msambweni, na kipo Kituo cha Macho cha Kwale, kilichoanzishwa mwaka 1993, ambacho kimewahudumia watu wengi wa wilaya hizi.

Nasogea kwenye kinga, ambayo ni rahisi kuliko yote niliyotaja. Kinga ya kwanza ni kofia yenye ukingo mpana. Kofia zetu za kushonwa ni nzuri kwa ibada na heshima, lakini hazina ukingo, na jua hupita moja kwa moja mpaka machoni. Kwa kazi ya baharini na shambani yafaa kofia ya pama, ama ile ya ukindu yenye ukingo wa kama upana wa kiganja, yenye kamba ya kufungia kidevuni ili upepo usiichukue. Mama naye avutapo leso mbele ya paji la uso hupata kivuli, kidogo lakini si bure.

Kinga ya pili ni miwani ya jua. Hapa kumbukeni neno la mwanga unaoingia kwa ubavu: miwani midogo iliyo wazi pembeni hulinda nusu tu. Nunueni iliyozunguka hadi kwenye kipaji, tena yenye alama ya UV400. Weusi wa kioo si dalili ya ulinzi. Kioo cheusi kisichozuia mionzi humfanya mtu apanue mboni, na mionzi ikaingia zaidi.

Kinga ya tatu ni kujua saa. Sehemu kubwa ya mionzi ya siku, kama 60 katika kila 100, hushuka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kipimo chake kila mtu anacho, wala hakihitaji fedha: tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe, jua ni kali, tafuta kofia au tafuta mti. Wafundisheni watoto kipimo hiki, watakipenda kama mchezo.

Bwana Mwenyekiti, sasa nasema juu ya chama chetu, kisha niketi. Katika hesabu zilizosomwa hivi punde, mmesikia sehemu kubwa ya mfuko wetu imekwenda wapi. Imekwenda katika sanda, majeneza, usafiri wa maiti na chakula cha matanga. Hilo ni jambo la heshima, wala sipendi lipunguzwe. Mtu asiyezikwa na wenzake hakuwa na wenzake. Lakini nauliza: je, chama cha ustawi ni cha kustawisha waliokufa peke yao? Ndugu yetu anayehitaji nauli ya kufika hospitali na siku chache za kuacha kazi ili jicho lake lipone, huyo hapati kitu, mpaka apofuke, afukarike, afe; ndipo tunapokuja kwa wingi na michango mikononi.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne mbele ya wazee, myapime kwa hekima yenu. Kwanza, mkutano mkuu wa kila mwaka uwe na saa moja ya macho, waalikwe watumishi wa macho, na kila mwanachama aliyepita miaka thelathini atazamwe. Pili, itengwe sehemu ya mfuko, hata ikiwa ndogo, kwa ajili ya nauli na matibabu ya mwanachama aliyeandikiwa kupasuliwa au kupimwa kinyama cha jicho, na wakati anapopona wenzake wamsaidie nyumbani kwake. Tatu, mama zetu wanaosuka mikeka na vikapu waagizwe kusuka kofia pana za ukindu na miyaa, chama kizinunue kwao na kuwauzia wavuvi na wakulima kwa bei ya gharama. Hivyo fedha itazunguka mikononi mwetu wenyewe. Nne, habari za ugonjwa wa mwanachama zijulikane na katibu na mwenyekiti peke yao, wala zisisomwe mkutanoni. Bila siri hii mapendekezo mengine matatu hayatafaa kitu, kwa kuwa wenye haja kubwa ndio hawatakuja.

Waheshimiwa wazee, bahari na jua ndivyo vilivyotulisha tangu enzi za mababu, wala hatuwezi kuvikimbia. Lakini baharia mwenye akili halaumu upepo. Hurekebisha tanga lake. Nasi na turekebishe letu: kofia kichwani, macho wazi, na mkono wa kumshika mwenzetu mapema. Mwenye kinyama jichoni leo, cha zamani au kipya, na asirudi nyumbani kabla ya kuahidi moyoni siku atakayokwenda kukionyesha.